Njumu za kiti cha enzi: ndovu au mfupa?

Swali: Shikamoo mhifadhi. Tuna kiti cha enzi cha mpingo chenye njumu nyeupe, yaani vipande vya urembo vilivyopachikwa kwenye mbao. Daftari la zamani linasema ni pembe za ndovu, fundi mmoja anasema ni mfupa. Ameshauri tuchome kwa sindano ya moto, tunuse. Tufanye? – Mtunza vitu, Lamu

Jibu: Marahaba. Sindano iwekeni mbali. Plastiki itayeyuka, sawa, lakini pembe na mfupa haitawatengea, na tundu litabaki.

Chukueni lenzi ya kukuza mara 10, mmulike tochi kutoka ubavuni. Mfupa una njia ndogo za mishipa ya damu. Uchafu wa miaka hujaa humo, basi mtaona vidoa au vijistari vyeusi. Pembe ya ndovu haina. (Twaiita pembe, ila ni jino.) Ikikatwa mkingamo huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Shida ni kwamba kipande cha njumu huenda kilipasuliwa kwa urefu wa jino, na hapo wavu hauonekani. Kwa hiyo msipouona, msikimbilie kusema si ndovu. Wengi hukosea hapo.

Mkitaka kujua mnyama, ipo njia iitwayo ZooMS, iliyotangazwa mwaka 2009 na Michael Buckley na wenzake. Protini ya kolajeni hukatwakatwa kwa kimeng'enya, kisha mashine hupima uzito wa vipande hivyo, maana hutofautiana kati ya jamii za wanyama. Chembe ndogo tu hutosha.

Lakini jino la ndovu na mfupa wake vina kolajeni ile ile. Maabara itajibu "ndovu", basi. Kutenga jino na mfupa ni kazi ya lenzi. Halafu kuna gundi. Gundi ya ngozi au mifupa nayo ni kolajeni, na kama kiti kiliwahi kurekebishwa kwa gundi hiyo, mkikwangua ukingoni mwa kipande mtaletewa jibu la "ng'ombe" na fundi wenu atashangilia bure. Chembe itoke penye mmeguko mkavu, mbali na maungio.

Kama maabara iko nje ya nchi, ulizieni mapema kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), hata kwa unga kiduchu. Na daftarini msifute maneno ya zamani. Andikeni pembeni mlichokiona kwa lenzi, pamoja na tarehe.