Ugogo na Njia ya Misafara
SWALI: Je, kabla ya reli, Ugogo uliunganishwaje na pwani? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Mpwapwa na kukata nyika ya Ugogo, ambako watemi, wakiwa na mamlaka juu ya visima, walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kabla ya kuruhusu wageni kuendelea. Pembe za ndovu na, kwa uchungu, watumwa walishushwa pwani. Nguo, shanga na Kiswahili vikaenea bara. Tunachosahau mno ni maarifa ya wapagazi wa Kinyamwezi, waliojua umbali wa maji na desturi za kila mtemi. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa mkondo huohuo.