Mrejesho kwa matabibu: anza na pumzi za mtoto mwenye kikohozi

Mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, anayetaka mrejesho kuhusu kazi ya matabibu ubadilishe tiba asiwarundikie viashiria kumi. Kimoja kinatosha: kati ya watoto wa chini ya miaka 5 wenye kikohozi, wangapi walihesabiwa pumzi kabla ya kuandikiwa antibayotiki ya amoksilini? Nimonia hushukiwa pumzi zikifika 50 kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa miezi 12 hadi 59. Zikiwa chini ya hapo, kifua hakiingii ndani wala hakuna dalili ya hatari, kikohozi cha kawaida hakihitaji antibayotiki.

Pitia majalada 20 ya kila tabibu kwa mwezi, yakifuatana, bila kuchagua. Ukipitia 5, mtoto mmoja anasogeza matokeo kwa asilimia 20, na tabibu atasema ni bahati tu. Atakuwa na haki.

Majibu mpe ana kwa ana, na karatasi moja mkononi, kabla mwezi ule haujasahaulika: wewe 7 kati ya 20, anayeongoza hapa 16, lengo la mwezi ujao 12. Usimlinganishe na wastani, maana aliyeupita kidogo hubweteka. Kubandika majina ukutani ndiyo njia ya haraka ya kufundisha watu kupika takwimu.

Kisha muulize kinachomkwamisha. Mara nyingi ni foleni, saa isiyo na sekunde, au mtoto anayelia. Basi muuguzi ahesabu mtoto akiwa ametulia kwa mama yake, kabla ya mizani na kipimajoto. Bila hatua ya namna hii namba hazisogei. Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaojumlisha tafiti za afya, yenye tafiti 140, yalikuta mrejesho unaongeza utendaji kwa alama za asilimia 4.3 tu kwa kipimo cha kati, zaidi pale uliporudiwa, ukawa na lengo na mpango.

Mwezi wa pili zikague namba zenyewe za pumzi alizoandika. Zikiwa shufwa tupu, amehesabu nusu dakika akazidisha kwa mbili. Zikiwa 30 kila jalada, hakuhesabu: kaa naye chumbani kwa watoto watano.

Aliyefikisha 18 mhamishie kwenye kiashiria cha kuhara: ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), na zinki kwa siku 10 hadi 14.