Panzi wa sponji azungukaye kwenye ndoana

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafunga chambo bandia cha panzi cha kuvulia Mto Lukuledi, lakini mwili wake wa sponji huzunguka kwenye ndoana. Nifanyeje? – Msomaji, Lindi.

JIBU: Ndugu msomaji, sponji haishiki chuma kitupu, hivyo viringisha kwanza uzi juu ya sehemu yote iliyonyooka ya ndoana, upake gundi, kisha ufunge sponji gundi ikiwa bado mbichi, ukikaza polepole ili uzi usiikate. Sponji ya godoro hunyonya maji na kuzama. Soli ya kandambili, ikikatwa nyembamba, huelea vizuri. Mwili usizibe nafasi iliyo kati ya ncha na sehemu iliyonyooka ya ndoana, la sivyo samaki atagonga bila kunaswa. Miguu ya mpira, kwa maoni yangu, ina faida kuliko rangi.