Yupo au Hayupo: Kutafuta Rekodi Katika Jedwali Jingine kwa SQL

Kwa ninyi mnaoanza kazi ya hifadhidata, hasa mtakaoajiriwa katika ofisi ndogo za Nakuru, Njoro au Molo ambako mtu mmoja ndiye karani wa data, fundi wa kompyuta na mwandishi wa ripoti, ninataka kueleza jambo ambalo mimi nilichelewa kulielewa: namna ya kuuliza, kwa SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali), kama rekodi iliyo katika jedwali moja ina mwenzake katika jedwali jingine.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilifanya kazi na chama cha ushirika cha maziwa. Majedwali yaliyotumika kila siku yalikuwa mawili: wanachama, lililokuwa na nambari na jina la kila mkulima, na mapokezi, lililoongezewa rekodi kila mara mkulima alipopimiwa maziwa kituoni. Meneja aliomba orodha ya wakulima ambao hawakuleta maziwa mwezi mzima, ili maafisa wa ugani wawatembelee na kujua kama ng'ombe wamekauka, wameugua, au kama mkulima ameamua kumwuzia mchuuzi. Niliandika hivi:

SELECT jina FROM wanachama
WHERE nambari NOT IN
(SELECT nambari FROM mapokezi
WHERE tarehe >= '2019-06-01' AND tarehe < '2019-07-01');

Kompyuta haikulalamika. Ilileta orodha tupu, nami nikapeleka taarifa kwamba kila mwanachama alikuwa ameleta maziwa. Ni karani wa kituo kimoja aliyenipigia simu na kunitajia, jina kwa jina, wakulima ambao mitungi yao hakuwa ameiona kwa wiki kadhaa, na kufikia hapo ziara za maafisa zilikuwa zimeahirishwa.

Chanzo kilikuwa rekodi moja tu ya mapokezi iliyoingizwa bila nambari ya mwanachama, yaani safu (column) ya nambari ilikuwa na NULL. NULL si sifuri wala si neno tupu. Maana yake ni kwamba thamani haijulikani. Ukiuliza kama 104 haimo kati ya 101, 102 na kitu kisichojulikana, SQL haiwezi kukujibu ndiyo, kwa kuwa hicho kisichojulikana huenda ndicho 104. Basi hutoa jibu la tatu, ambalo si kweli wala si uongo, na WHERE hupitisha yale tu yaliyo kweli. NULL moja ikiingia katika orodha ya NOT IN, hakuna hata mkulima mmoja atakayepita, na hutaona onyo lolote la kukuzindua.

Nilichopaswa kuandika ni hiki:

SELECT w.jina FROM wanachama w
WHERE NOT EXISTS
(SELECT 1 FROM mapokezi m
WHERE m.nambari = w.nambari
AND m.tarehe >= '2019-06-01' AND m.tarehe < '2019-07-01');

Hapa swali la ndani, yaani lile lililo kwenye mabano, huulizwa kwa ajili ya kila mwanachama: je, ipo walau rekodi moja ya mapokezi yenye nambari yake ndani ya mwezi huu? EXISTS haijali swali la ndani linachagua safu gani, ndiyo maana wengi huandika 1. Inachojali ni kama kuna rekodi iliyopatikana. Rekodi isiyo na nambari hailingani na mwanachama yeyote, kwa hiyo haiwezi tena kuifuta orodha nzima.

Wanaoanza wengi hukimbilia JOIN, inayounganisha rekodi za majedwali mawili, wanapotaka kinyume chake, yaani walioleta maziwa. JOIN itawapa majina sahihi, lakini mkulima aliyepimiwa mara sitini kwa mwezi atatokea mara sitini, na ukijumlisha hisa zake juu ya matokeo hayo utazizidisha kwa sitini. Kuweka DISTINCT, amri ya kuondoa yanayojirudia, huficha marudio hayo baada ya kompyuta kuyazalisha na kuyachambua bure. Vivyo hivyo, kuhesabu kwa COUNT kisha kuangalia kama idadi inazidi sifuri ni kuomba hesabu kamili ilhali ulichotaka ni ndiyo au hapana. Tumia JOIN unapohitaji lita na tarehe zenyewe. Unapohitaji kujua tu kama mtu yupo, tumia EXISTS.

Zoeeni pia kuweka jina fupi la jedwali mbele ya kila safu, kama nilivyoweka w na m. Tuseme safu ya mapokezi inaitwa nambari_ya_mkulima, nawe kwa kusahau umeandika IN (SELECT nambari FROM mapokezi). Safu hiyo haimo katika mapokezi, lakini SQL haitakataa: itaitafuta katika jedwali la nje, itaikuta kwa wanachama, na kila mwanachama atalinganishwa na nambari yake mwenyewe. Watapita wote wenye nambari, mradi mapokezi lina rekodi hata moja. Ninaliogopa kosa hili kuliko lile la NULL, maana orodha iliyojaa humshawishi msomaji kuliko orodha tupu. Ukiandika m.nambari, kosa hujitokeza papo hapo.

Kuhusu kasi sina mengi. Hakikisheni kuna faharasa (index), inayoisaidia kompyuta kuipata rekodi bila kupitia jedwali zima, kwenye safu ya nambari katika mapokezi. Katika MySQL, programu ya hifadhidata, kwa majedwali ya InnoDB (mfumo wake wa kawaida wa kuhifadhi majedwali), ufunguo wa kigeni (foreign key), yaani safu inayorejelea jedwali jingine, huundiwa faharasa moja kwa moja. PostgreSQL, programu nyingine ya aina hiyo, haifanyi hivyo kwa upande wa jedwali linalorejelea, na wengi hawalijui hilo mpaka ripoti ianze kuchukua dakika nyingi.

Linalobaki ni data yenyewe. Ukilinganisha wanachama na malipo ya M-Pesa kwa nambari ya simu, jedwali moja huenda likaanza na 07 na jingine na 2547, na simu ileile ya mtu yuleyule ikaonekana kuwa mbili. Zigeuzeni zote ziwe na umbo moja kabla ya kuuliza lolote. Na yale maziwa yaliyopokewa bila nambari yana mwenyewe, ambaye NOT EXISTS inaweza kumtaja kama mtu asiyeleta maziwa. Kwa sababu hiyo, siku hizi kabla ya kutoa orodha huwa ninachapisha kwanza rekodi zote ambazo m.nambari IS NULL, na kuzipeleka kwa karani wa kituo, pamoja na tarehe na lita, ili azitafute katika daftari lake la asubuhi ile.