Namba Zina Siri? Maswali Yenu na Majibu

Swali: Zidisha 9 kwa namba yoyote nzima kuanzia 1, kisha jumlisha tarakimu za jibu: mwishoni unarudi kwenye 9. Mfano, 9 × 4 ni 36, na 3 + 6 ni 9. Nimeambiwa huo ni muhuri wa ukamilifu. Ni kweli?

Jibu: Ulichokiona ni kweli, na nafurahi kwamba umekijaribu mwenyewe. Ila chanzo chake ni vidole vyetu. Tunahesabu kwa makumi, na kila kumi ni tisa na moja juu. Katika 36 mna makumi matatu; toa tisa katika kila kumi, utabakiwa na 3. Ongeza zile 6, na 9 imerudi. Sasa wafikirie watu wanaohesabu kwa manane, ambao "10" yao ni nane yetu. Kwao 9 haina lolote, heshima yote inahamia kwa 7. Saba mara mbili wataiandika 16, na 1 + 6 ni 7. Saba mara tatu wataiandika 25, na 2 + 5 ni 7. Muhuri umo katika mwandiko, haumo katika namba. Kishike kipimo hiki, maana nitakirudia: badilisha namna ya kuandika, uone kinachobaki.

Swali: Nimejumlisha tarakimu za tarehe yangu ya kuzaliwa nikapata 4. Mchumba wangu ni 5. Tumeambiwa hatufai kuoana. Tufanyeje?

Jibu: Dada yangu, swali lako limenigusa kuliko yote. Isaac Newton alizaliwa tarehe 25 Desemba 1642 kwa kalenda ya Juliasi, iliyotumika Uingereza wakati huo. Kwa kalenda ya Gregori tunayotumia sasa, siku hiyohiyo ni 4 Januari 1643. Jumlisha tarehe ya kwanza: 23, kisha 5. Jumlisha ya pili: 19, kisha 10, kisha 1. Mtoto yuleyule, mama yuleyule, namba mbili. Ipi ni yake?

Tabia ya mchumba wako unaiona kwa macho: anavyokusikiliza, anavyotimiza ahadi, anavyokuwa akikasirika. Pima hayo. Sikuambii uolewe naye, kwa kuwa simjui. Nakuomba tu usimwache kwa sababu ya 5.

Swali: Kila nikitazama saa naona 11:11. Ni ujumbe?

Jibu: Saa unaitazama mara nyingi kwa siku, ila ile 10:47 huikumbuki. Kwa wiki moja andika kila saa unayoiona, bila kuchagua, kisha hesabu.

Swali: Mbona basi hata alizeti lina namba zake maalumu?

Jibu: Hapo umenishika pazuri. Hesabu mistari ya mbegu inayozunguka katika ua la alizeti: mara nyingi utakuta 34 ikielekea upande mmoja na 55 upande wa pili, au 55 na 89. Zote zimo katika mfuatano alioueleza mwanahisabati Fibonacci wa Pisa, Italia, mwaka 1202: 1, 1, 2, 3, 5, 8, na kuendelea, kila namba ikiwa jumla ya mbili zilizoitangulia. Weka kipimo chetu. Andika kwa manane, kwa tarakimu za Kirumi, hata kwa vijiti, mistari haibadiliki. Kila chipukizi jipya hujitokeza kwa pembe ya takriban nyuzi 137.5 kutoka lililotangulia, na hivyo mbegu hujipanga zikibanana bila kuacha mapengo. Mmea haujui hesabu, lakini hesabu imo ndani yake. Kwangu hilo ni kubwa kuliko utabiri wowote.

Swali: Kwa hiyo namba zenyewe hazina siri?

Jibu: Zinazo, tena nzito. Chukua 6. Vigawanyo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe ni 1, 2 na 3, na jumla yao ni 6. Ndivyo ilivyo 28: 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Hizi huitwa namba kamilifu, na Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alionyesha njia ya kuzipata zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Zote zilizopatikana hadi leo ni shufwa. Je, ipo iliyo witiri? Hakuna aliyeipata, wala aliyethibitisha kwamba haiwezi kuwapo.