Kuhusu kinga ya umeme ya kufungwa ndani ya karavani

Ndugu yangu, umeuliza kama kile kifaa cha Marekani cha kuzuia miruko ya umeme (volti kupanda ghafla), cha volti 120 na ampea 30, kitafaa kwenye karavani yako hapo Malindi. Hakifai, tafadhali usikinunue. Umeme wetu ni wa volti 240 na hezi 50, nacho kitaukata papo hapo au kitaungua.

Tafuta kinga ya aina ya 2 (Type 2, ile ya kufungwa kwenye kisanduku cha umeme) inayostahimili volti 275 mfululizo, kisha uongeze rilei ya volteji, yaani kifaa kinachokata umeme volti zikishuka au kupanda kupita kiasi, maana kinga peke yake humeza miruko ya muda mfupi sana, wala haiokoi friji umeme unapodhoofika kwa saa nzima au waya wa nyutro (ule unaorudisha umeme) unapokatika, mambo ambayo mimi huyahofia kuliko radi yenyewe.

Fundi mwenye leseni achomoe kwanza waya wa nje na kuzima betri, halafu aifunge kinga mara tu baada ya swichi kuu, kabla ya saketi nyingine zote, huku nyaya za kuiunganisha zikiwa fupi, jumla yake isizidi nusu mita, kwa kuwa waya mrefu huidhoofisha. Waya wa ardhi ndio roho ya kazi hii. Upimwe mapema, kwani bila huo mruko hauna pa kutokea. Upepo wa chumvi hula viungo, kwa hiyo chagua kasha lisilopitisha unyevu, na kabla ya kila masika ukague kidirisha cha kinga: kikiwa chekundu, badilisha kipande cha ndani bila kuchelewa.