Maswali na Majibu: Kwa Nini "Run" Si "Kukimbia" Kila Mara?

SWALI: Mimi ni mfasiri ninayeanza kazi. Shuleni nilifundishwa kwamba neno la Kiingereza "run" maana yake ni kukimbia, lakini ninakutana nalo kwenye mikataba, maelezo ya mashine na hata vipeperushi vya afya, na kila nikiweka "kukimbia" sentensi inakataa. Kamusi yangu inaorodhesha maana nyingi mno hata sijui nianzie wapi. Je, ni kweli kwamba hili ndilo neno lenye maana nyingi kuliko yote katika Kiingereza? Na nitaitambuaje maana inayohusika bila kusoma orodha nzima?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na lile lililo jepesi. Ukipima kwa kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, jibu ni ndiyo. Katika toleo lake la pili la mwaka 1989, kidahizo (yaani neno linaloorodheshwa na kufafanuliwa katika kamusi) kirefu kuliko vyote kilikuwa "set", ambacho kitenzi chake kilipewa maana zipatazo 430. Kamusi hiyo ilipoanza kuhaririwa upya, "make" ilichukua nafasi ya kwanza mwaka 2000, ikafuatwa na "put" mwaka 2007, na mwaka 2011 "run" ikazipita zote kwa maana 645, tena kwa upande wa kitenzi peke yake. Mwanaleksikografia, yaani mtunzi wa kamusi, Peter Gilliver, aliyepewa jukumu la kulihariri neno hilo, alitumia takriban miezi tisa kulikamilisha. Hesabu hiyo isikutishe, kwa kuwa kamusi ya kihistoria huhifadhi pia maana zilizokwisha kufa na zile zinazotumika katika fani chache tu, na sehemu kubwa ya hizo 645 huenda usikutane nayo maisha yako yote ya kazi.

Tatizo lako halitokani na wingi wa maana, bali na ile maana moja uliyofundishwa kuiona kuwa ndiyo ya kweli, huku nyingine zote zikichukuliwa kuwa vituko vya lugha. Ukirudi nyuma hadi Kiingereza cha kale, utakuta kitenzi hiki kilisema juu ya mtu anayekwenda mbio na vilevile juu ya maji yanayotiririka. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kimebaki na maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti: "rennen" kwa miguu inayokimbia na "rinnen" kwa kitu kinachochuruzika. Kiingereza kiliyabeba yote mawili katika neno moja. Kwa hiyo kiini cha "run" ni kwenda mfululizo katika njia fulani pasipo kukatika, na mbio za miguu ni tawi mojawapo tu, ingawa ndilo tunaloliona kwanza kwa sababu ndilo linaloweza kuchorwa kwenye kitabu cha mtoto.

Ukilikubali hilo, utagundua kwamba neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na kiini hicho ni "enda". Sisi tunapotaka kusema kwamba mtu anakifanya kitu kiende, tunaongeza kiambishi na kupata "endesha", kama ambavyo "kimbia" huzaa "kimbiza" na "kimbilia". Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo kwa kitenzi hiki, na ndiyo sababu injini inayojiendea na mtu anayeiendesha hupewa umbo lilelile. Basi swali la kwanza la kujiuliza ni hili: je, kitenzi kina yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendewa? Kikiwa nayo, na yambwa hiyo ni kampuni, semina, mashine au programu ya kompyuta, "kuendesha" litakufaa mara nyingi. Halitakufaa kila mara, hata hivyo, kwa maana gazeti huchapisha habari, maabara hufanya kipimo, na mtu huweza kulimbikiza deni, na katika zote hizo Mwingereza anaweza kutumia "run".

Nitakueleza kisa kimoja kwa kirefu kidogo, kwa sababu kinaonyesha hasara inayoweza kutokea. Niliwahi kupewa nihariri tafsiri ya maelezo ya pampu ya maji, ambamo onyo la Kiingereza lilisema "Do not run the pump dry". Mfasiri alikuwa ameandika "Usikimbize pampu kavu". Alichagua kauli ya kutendesha kwa usahihi, ila aliitoa kwenye shina lisilofaa, na msomaji asingeweza kujua anakatazwa nini. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa "Usiwashe pampu ikiwa haina maji". Nilipolisoma tena niliona bado lina pengo, kwa kuwa "run" hapa haihusu kubonyeza swichi tu bali kuendelea kufanya kazi: mtu anaweza kuiwasha pampu ikiwa imejaa maji, kisha kisima kikakauka wakati pampu ingali inazunguka, naye akadhani hajavunja sharti lolote. Pampu nyingi hutegemea maji hayohayo zinayoyavuta ili kupoza na kulainisha kizibo kinachozuia uvujaji, kwa hiyo yakikosekana kizibo hupata joto na kuharibika. Tuliishia na "Usiiache pampu ifanye kazi bila maji", sentensi ambayo haina neno hata moja linalotokana na kukimbia, lakini ndiyo inayoilinda pampu.

Iwapo hakuna yambwa, kitazame kiima, yaani mtu au kitu ambacho sentensi inakizungumzia. Mto hutiririka. Nguo ikifuliwa na rangi yake ikaenea kwenye nyingine, tunasema imechuja. Kwenye kipeperushi cha afya, usiandike kwamba pua ya mtoto inakimbia, kwani kwa Kiswahili mtoto hutokwa na kamasi, na hapo unaona kwamba si kitenzi tu kilichobadilika bali kiima chenyewe kimehama kutoka kwenye pua kwenda kwa mtoto. Jambo hili la kuhamisha kiima ningependa ulishike sana, kwa kuwa wafasiri wachanga wengi hubadilisha neno na kuacha mpangilio wa sentensi ya Kiingereza ukiwa vilevile. Mkataba unaosemwa kwamba "runs for three years" utadumu kwa miaka mitatu, barabara huanzia mahali fulani na kuishia pengine, basi hupita kila baada ya saa moja, na ugonjwa unaosemwa "runs in the family" ni wa kurithi au uko katika ukoo. Anayetaka kuchaguliwa, naye, hugombea au huwania nafasi.

Kisha litazame neno dogo linalofuata, kwa maana hilo mara nyingi ndilo lenye amri. "Run" likifuatwa na "out of", maana ni kuishiwa, na hapa Kiswahili kinakupa njia mbili nzuri, "tumeishiwa dawa" na "dawa zimetuishia", ukachague kulingana na kinachozungumzwa. Lakini muda wa leseni ukisemwa kwamba "has run out", hakuna aliyeishiwa. Muda umekwisha tu. Likifuatwa na "into", linaweza kuwa kukutana na mtu bila kutarajia au kugonga kitu. Likifuatwa na "over", linaweza kuwa kukanyaga kwa gari au kupitia maandishi haraka. Likifuatwa na kivumishi, kitenzi chenyewe karibu kinapoteza uzito: kisima kinakauka, mtu anachelewa, hasira zinapanda.

Kwa upande wa nomino sina mengi. "In the long run" ni hatimaye au baada ya muda mrefu, na anayesemwa kuwa "on the run" ni mtoro aliye mafichoni. Kuna pahali pamoja ambapo shina letu la kukimbia linarudi kwa haki yake: wateja wengi wanapoingiwa na hofu na kwenda wote kwa pamoja kutoa fedha zao benki, tunasema wamekimbilia benki, nasi tunakuwa sahihi kabisa.

Usidhani kwamba Kiingereza kina ugonjwa ambao Kiswahili hakina. Mgeni anayejifunza lugha yetu hufundishwa kwamba "kupiga" ni kumchapa mtu, kisha anasikia tukipiga simu, tukipiga pasi, tukipiga picha, tukipiga magoti na kupiga kura. Hiyo ndiyo polisemia, yaani neno moja lililotanua matawi, na ni tofauti na homonimia, ambapo maneno mbalimbali yamekutana katika umbo moja, kama paa la nyumba na paa wa porini. Kamusi huwatenga hao wa pili kwa kuwapa vidahizo viwili. Matawi ya "run" hukaa chini ya kidahizo kimoja, nawe unapotafuta humo, soma kwanza mifano ya sentensi kabla ya fasili, ukitafuta mfano wenye kiima na yambwa zinazofanana na zako.

Jaribu sasa sentensi hii, inayoweza kutokea katika ripoti yoyote ya utafiti: "The study ran for two years and was run by a nurse." Neno limetokea mara mbili, la kwanza halina yambwa na kiima chake kinapimwa kwa muda, la pili liko katika kauli ya kutendwa na mtendaji wake ametajwa. Mimi ningeandika: "Utafiti ulichukua miaka miwili na uliendeshwa na muuguzi."